Njegere Mdomoni

…na bado haikulia, akaisogeza ile njegere kwa ulimi kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia, kana kwamba upande wa kulia ungekuwa na habari tofauti, akaibana tena polepole, akasikiliza, kimya, kimya kabisa, na juu ya dashibodi ya pikapu redio ya mkononi ikakoroma na sauti ya Larysa ikatoka humo ikiwa imechanganyika na mngurumo wa kombaini ya kuvunia, "Mama, meno yanasemaje?", na Stefka hakujibu kwa sababu mtu hawezi kujibu akiwa na njegere mdomoni, angalau hicho ndicho kisingizio alichokuwa nacho kwa sasa, amekaa kwenye kiti cha pikapu na mlango wazi na miguu nje, viatu vya mpira juu ya udongo wa shamba lake mwenyewe, na kule pembeni kabisa, karibu na miti ya kuzuia upepo, ile kombaini nyekundu imesimama inatetemeka na kikatio chake kimeshuka hadi chini kikigusa ardhi, maana njegere hazivunwi kwa kiburi, zinalala, zikishaiva zinalala kama mlevi, na anayezitaka lazima ainame… na huko magharibi mstari wa wingu, buluu kama jeraha lililovilia damu, si jana lilikuwa hivyohivyo, likapita kaskazini likawanyeshea wengine, lakini wingu halina ahadi, Nykola alikuwa akisema hivyo, Mungu amrehemu, wingu halina ahadi na njegere haina subira, ngano utaiambia ngoja nitakuja kesho, itangoja, hata shayiri itakunung'unikia lakini itangoja, njegere ni kama mgeni mwenye hasira, akisema naondoka ameshaondoka, ukichelewa kwenye jua maganda yanapasuka yenyewe na kumwaga kila kitu chini, ukichelewa kwenye mvua zinaota palepale au zinapauka, na ukiwahi mno zinavunda ghalani, kwa hiyo katikati hapo kuna kadirisha kadogo, siku moja, mbili ukibahatika, na kadirisha hako katika nyumba hii kamekuwa kakifunguliwa kwa meno.

"Mama? Unanisikia?"

Nakusikia, mwanangu, nakusikia, alisema moyoni, na njegere ikamgonga fizi ya juu… fizi, maana chini ya hayo meno mazuri meupe kuna fizi tu siku hizi, lakini hilo lisubiri, aliliambia lisubiri, akalirudia wingu, akairudia njegere, akamrudia Nykola aliyemfundisha mwaka ule alipokuja hapa kuolewa, hajui chochote, ametoka kwa watu wa ng'ombe na maziwa, Nykola akaokota ganda, akalivunja kwa vidole, akamtia njegere mdomoni kama padri anavyokomunisha, akamwambia, "Uma. Ikibonyea, turudi nyumbani tukalale. Ikilia tak, tunavuna," na ikalia, tak, hadi puani aliisikia, hadi kwenye mfupa wa sikio, na wakavuna, na tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeuma, kwa sababu Nykola mwenyewe alikuwa na jino bovu, na mwaka baada ya mwaka hakukosea, hata majirani wakawa wanapita na njegere zao kwenye leso, akina Harvey Prokopchuk na baba yake kabla yake, "Stefka, hebu zionje hizi," na yeye anauma, anafumba macho kidogo, hiyo ya kufumba macho ilikuwa mbwembwe tu, haikuwa na kazi yoyote, anasema kesho asubuhi, umande ukikauka, na watu wanakwenda zao wanavuna kesho asubuhi umande ukikauka, na kwenye chai ya kanisani wanaume wanatania, "Nykola, mkeo asikuume, atatuambia umebakisha siku ngapi," na Nykola anacheka, anacheka kweli, alikuwa na kicheko cha kumwaga chai… hakuna aliyemwambia amebakisha siku ngapi, alianguka tu karibu na ghala la bati na theluji haijayeyuka, na Larysa akaja na koti la mjini kumzika baba yake, na hakuondoka. Hakuondoka! Hilo ndilo lililokuwa ajabu. Mtoto aliyesoma, aliyekuwa na nyumba yake na marafiki zake, akavua koti la mjini akavaa ovaroli ya baba yake akaikunja miguu, akasema, "Mama, tutalima pamoja," na Stefka akaingia chumba cha nyuma akalia kwa furaha huku akijifanya anatafuta mitungi ya kuhifadhia matango.

Na mwaka huu ulivyoanza vizuri, ee Bwana, ungedhani hewa yenyewe ilikuwa na huruma na mjane, Mei kulikuwa na baridi kidogo lakini njegere haiogopi baridi, inaota hata ukiona barafu kwenye ndoo, Larysa akapanda, akapitisha rola akagandamiza mawe yote yakazama, shamba likawa kama kitanda kilichotandikwa na mtawa, Juni mvua ikaja kwa kiasi, si ile ya kuzamisha mizizi, na Julai lilipokuja joto Stefka alikesha akiomba maua yasipukutike, maana joto likizidi wakati wa maua njegere inayaacha yaanguke kama mtu anayekata tamaa, hayakupukutika, yakashika, maganda yakajaa, na njegere zenyewe za kijani, kijani ile inayotakiwa na wanunuzi, kijani ya kuwekwa kwenye pakiti na watu wakazila kwa macho kabla ya mdomo, Harvey akasimamisha gari barabarani akatoa kichwa dirishani, "Jirani, hii ni ya kwako au ya kwenye picha?", naye akamjibu, "Ya binti yangu," ndiyo, alisema hivyo, ya binti yangu, Larysa alikuwa karibu na alisikia na masikio yake yakawa mekundu… kwa nini hakuishia hapo, kwa nini mtu asiseme neno moja jema akafunga mdomo mwaka mzima.

Redio ikakwaruza tena, si Larysa, ni Harvey kutoka upande wa pili wa barabara, wanatumia masafa yaleyale, "…wanasema mvua ya mawe, Larysa, ya mawe kule magharibi, mnangoja nini?", na Larysa anamjibu kwa sauti isiyo na chumvi, "Namngoja Mama," basi, namngoja Mama, wala hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana likamchoma, kwa sababu wiki mbili zilizopita Larysa hakuwa mtu wa kungoja, alikuja kutoka shambani anakimbia na kile kidude chake mkononi, kipimo cha unyevu, sanduku dogo unalimiminia njegere nalo linakuonyesha tarakimu, "Mama, tayari! Tayari kabisa, tuanze leo jioni, mvua inakuja keshokutwa," uso wote unang'aa, vumbi kwenye nyusi, na Stefka akachukua njegere moja kwenye kiganja cha binti yake, akaiuma, akasikiliza, akasema, "Bado."

Bado. Larysa akacheka akadhani ni utani. "Mama, angalia hapa." "Mimi siangalii, mimi nauma." "Kipimo kinasema—" "Kipimo hakijawahi kulala njaa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, binti yangu," loo, na methali juu, hakumnyima kitu mtoto siku hiyo, na kesho yake wakaenda tena, akauma tena, bado, na Larysa amesimama anakunja na kukunjua vidole, "Basi zikiwa na unyevu kidogo tuziwashie feni ghalani zikaukie humo, Mama, watu wote wanafanya hivyo sasa, Harvey anavuna sasa hivi, sikiliza, hiyo si mashine yake?", na kweli ilikuwa mashine yake, na vumbi la Harvey lilikuwa linapanda juu ya miti, na yeye Stefka, mbele ya vumbi hilo, akasema lile neno, "Harvey na aozeshe za kwake. Na hicho kidude umeuziwa kibovu, kitupe." Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa afadhali, mtoto angejibu, wangegombana, wangekula chakula cha usiku wamenuniana na asubuhi pengine mmoja angelegea, lakini alisema polepole, kama mtu anayejua, na Larysa akakitazama kile kipimo mkononi kama unavyomtazama mbwa wako aliyemuuma mgeni.

Kisha mvua. Si mvua ya hasira, hiyo angalau unailaani ikapita, hii ilikuwa mvua ya uvivu, ya joto, inanyesha, inakoma, jua kali linatoka na shamba linatoa mvuke kama sufuria, halafu inanyesha tena, na hiyo ndiyo sumu ya njegere ya kijani iliyokwisha kuiva, maji halafu jua halafu maji, kila ganda unalofungua njegere zake zimepauka, kwanza upande mmoja, halafu mbili, halafu zimekuwa za rangi ya kucha, rangi ya mgonjwa, na ile kijani ya kwenye picha imekwenda ambako vitu huwa vinakwenda, na mnunuzi wa mjini akazimwaga kwenye sinia jeupe, akazichezea kwa kidole, akasema kwa upole, "Nguruwe watazipenda, Bi Hryciuk," na watu wakawapa pole kwenye chai ya kanisani, mvua ya Mungu hiyo, jirani, ungefanyaje, hali ya hewa siku hizi haina adabu, na Stefka akaitikia, akatikisa kichwa, haina adabu kweli, na Harvey peke yake, ambaye njegere zake zilikuwa zimelala ghalani kijani na kavu, alikoroga chai yake tu, akakoroga, hata sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka zamani.

Wingu limesogea. Au yeye ndiye anayelisogeza kwa kulitazama. Upepo umeanguka, majani ya miti ya kuzuia upepo yamesimama, na hilo halipendi, na mdomoni njegere imepata joto la ulimi na bado haisemi kitu, akaibana kidogo zaidi, yale meno ya juu yakacheza, akaacha harakaharaka, daktari wa meno kule Yorkton alimwonya, tafuna vitu laini, mama, vitu vigumu vitakuvunjia na hayo si ya bei ya karanga, na Larysa ndiye aliyempeleka siku ile, barabara ina barafu, akamngoja kwenye kiti cha plastiki, akamshika mkono kurudi kwenye gari kwa sababu nusu ya uso ilikuwa imekufa ganzi, "Umependeza, Mama, unaonekana kama mtangazaji wa televisheni," na wakacheka, yeye kwa nusu ya mdomo, na Pasaka ilipofika mkate ulikuwa laini na mayai yalikuwa laini na hakuna aliyetambua kitu… ila mbegu za alizeti. Mbegu za alizeti aliziacha. Maisha yake yote amekaa jioni kibarazani anazipasua na kutema maganda, Nykola alikuwa akimwita kasuku, na mwaka huu amezigawa, mfuko mzima, akamwambia Larysa zinamletea kiungulia, kwa nini kiungulia, hajawahi kuwa na kiungulia, alizijaribu mara moja tu peke yake jikoni, hazikupasuka, ziliteleza, akaitoa ile mbegu mdomoni nzima imelowa, akaitazama, akaitupa, akafuta meza, meza ambayo ilikuwa safi.

"Mama, mimi sibishi," redio inasema, "unisamehe nikikuharakisha, ila naona wingu limefika kwa akina Shewchuk, ukisema bado tutaacha, ni wewe tu," ni wewe tu, sauti ya mtu aliyekwisha kufungasha, kwa sababu amekwisha kufungasha, alisema mwenyewe mezani siku ile baada ya mnunuzi, borshi, ile supu nyekundu, inapoa, anaikoroga malai nyeupe izunguke na kuzunguka, "Mama, tukimaliza kuvuna nitarudi mjini Saskatoon. Wamenitafutia nafasi. Wewe mkodishie Harvey shamba, atalitunza," na Stefka akauliza kwa nini, akauliza kama mtu asiyehusika, na mtoto akanyanyua uso, hakuwa analia, hilo ndilo baya, "Kwa sababu mimi si mkulima. Nilikuwa na uhakika, Mama. Uhakika kabisa! Ningevuna mbichi nikaozesha kazi yote ya Baba, kwa kuamini sanduku. Mkulima anajua. Wewe unajua. Mimi sijui, na siwezi kujua, halafu siku moja hutakuwepo," na yeye, mama yake aliyemzaa, aliyelia kwa furaha kati ya mitungi ya matango, alifanya nini, akamwongezea mkate. Akamwambia kula, borshi inapoa. Akaenda kulala akijihisi mnyonge lakini mwenye haki, amesikitika sana, amesikitika kwa heshima zote, kama mtu aliyeharibiwa na mvua.

Akaitema njegere kiganjani. Haikukaa, ikaruka, ikaanguka kwenye kidaraja cha chuma cha mlango wa pikapu, na ikalia.

Tak.

Ikadunda, ikalia tena, ndogo zaidi, kama kokoto, kama risasi ya kuwindia bata, ikabiringika ikaingia kwenye ufa wa mpira, na Stefka akabaki ameinama kiganja wazi, hapana, akavunja ganda jingine, akatoa njegere, akaibonyeza kwa ukucha wa dole gumba kwa nguvu zake zote, ukucha ukakunjika, njegere haikuwa na hata alama, akaiweka juu ya kile chuma akachukua spana ya Nykola chini ya kiti akaigonga mara moja, ikapasuka vipande viwili vikavu na unga kidogo wa njano, kavu, kavu kama mfupa, na hii ndiyo iliyokuwa mdomoni mwake muda wote huu haisemi kitu, ndugu yake hii, mmea mmoja, na kama hii haikusema kitu basi na za wiki mbili zilizopita… acha. Acha, Stefka. Lakini halikuacha, likaja lote, likaja kwa mpangilio mbaya, kiganja cha binti yake chenye vumbi, bado, vumbi la Harvey juu ya miti, bado, hicho kidude kibovu, bado, bado, na njegere za kijani zimekaa tayari kwenye maganda yao siku baada ya siku zinamngoja bibi mmoja mwenye meno ya dukani azipe ruhusa, na zilipochoka kungoja mvua ikazichukua, na yeye akasimama mbele ya watu akaisingizia mvua, kwa sababu mvua haina mdomo wa kujitetea.

Na hakujua? Aliuma kwa upole kwa kuogopa kuyavunja, mtu mzima anajua anauma kwa nguvu gani, mtu anayejua sauti ya njegere kwa miaka yote hiyo hajui kwamba tangu Pasaka hajasikia sauti yoyote, wala ya karanga, wala ya ganda la mkate, wala ya mbegu ya alizeti jikoni peke yake… alijua. Kuna kujua na kuna kukaa juu ya kile unachokijua ili kisipumue, alijua kama unavyojua kuna mtu chumba cha pili hata kama hajakohoa, na akaona aibu, aibu ya nini, ya meno, mwanamke wa umri wake, wanawake wote wa kanisani wanayalaza kwenye glasi usiku, lakini hao hawakuwa wakiletewa njegere kwenye leso, hao hawakuwa na kitu kingine kinywani zaidi ya meno, na Nykola hayupo, na yeye akiondolewa hilo anabaki nani, mpika borshi, mama wa mtu anayejua zaidi yake. Basi ndiyo hivyo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alimlea Larysa kwa hiyo methali, na mtoto akalisikia la mkuu, akalisikia vizuri sana, na tazama.

Angeweza kusema tayari. Hilo likamjia laini, likamkalia vizuri, bonyeza kitufe useme tayari, anza, mwanangu, na ile kombaini itatikisika na kuondoka, watavuna mbele ya wingu hizi zilizopauka, nguruwe nao ni viumbe wa Mungu, na hakuna atakayejua, mvua itaibeba hiyo lawama milele, ina mgongo mpana, na Larysa atavua ovaroli ya baba yake aikunje vizuri, atavaa koti, atakuwa Saskatoon miaka yote iliyobaki akiwaambia watu wakati wa chakula, nilijaribu kilimo kidogo lakini sikuwa na kipaji, mama yangu ndiye alikuwa na kipaji, alikuwa anauma njegere hivi… na atafumba macho kidogo, kwa mapenzi, kumwigiza.

Hapana.

Akabonyeza kitufe. Kidole kilikuwa kimelowa mate, kikateleza, akabonyeza tena. "Larysa."

"Niko hapa, Mama. Meno yanasemaje?"

"Hayasemi kitu," alisema, na sauti yake ikawa ya kizee, hakuizuia, "hayajasema kitu tangu Pasaka, siwezi kusikia njegere kwa haya ya bandia, mwanangu, siwezi kusikia chochote, na wiki mbili zilizopita zilikuwa tayari. Kipimo chako hakikuwa kibovu. Ulikuwa unajua na mimi nikakwambia hujui," na Harvey bila shaka anasikia, na akina Shewchuk, na mtu yeyote aliye kwenye masafa haya kuanzia hapa hadi kanisani, na asikie, "mvua haikufanya kitu. Ni mimi. Nisamehe."

Akaachia kitufe. Redio ikakoroma hewa tupu. Kule pembeni kombaini haikusogea, ilibaki inatetemeka palepale na kikatio chake ardhini, na kwenye kioo cha kibanda hakuonekana mtu, mng'ao tu, na wingu lilikuwa palepale au karibu na palepale, na majani bado yamesimama, na Stefka akainua mkono kutaka kubonyeza tena, aongeze neno, aeleze, amwambie anza basi, au amwambie bado, akaurudisha mkono mapajani. Haikuwa kazi yake tena kusema. Akakaa miguu nje, macho kwenye ile mashine nyekundu, akingoja binti yake amwambie kama ni wakati.